Usiwapulizie dawa wenyeji wa uani

Makete, mwezi wa Juni na Julai, umande huganda juu ya majani na watu hutoka nje wamejifunika makoti. Mtumishi akihamishwa kutoka huko kwenda Tanga, hujiandaa kwa joto tu: ananunua feni, blanketi analifungia begini. Januari anagundua mengine. Shuka inalowa jasho kabla ya alfajiri, chumvi inashikana ndani ya kopo, na viatu vya ngozi alivyoviacha kabatini vinaota ukungu.

Kuhusu uani, hakuna aliyemwambia kitu.

Usiku komba analia kwenye mwembe, sauti yake kama ya mtoto mchanga aliyetupwa, na mtu wa bara anaukagua mlango mara ya pili. Asubuhi, chini ya taa ya baraza, anakuta vinyesi vidogo vyeusi vyenye ncha nyeupe: mjusi kafiri alikuwa zamu akila nondo na mbu. Mvua zinapoanza, jongoo wanajikunja kama sarafu kwenye kona za ukuta na konokono wakubwa wanapanda hadi dirishani. Wiki haijaisha, kopo la dawa ya kupuliza limeshanunuliwa.

Mwandishi wa safu hii anamwomba mgeni huyo aliweke chini kwanza. Chandarua abaki nacho, maana malaria si jambo la mjadala. Lakini dawa inayopuliziwa kila kinachotambaa inawafukuza hata waliokuwa wakimsaidia.

Mjusi kafiri hana sumu, ingawa watu wengi wanaapa kwamba anayo. Hana kope pia, kwa hiyo macho yake huyasafisha kwa ulimi. Atakayesimama chini ya taa kwa utulivu atamwona akifanya hivyo. Ni mwenyeji wa Afrika aliyefika Amerika, na jina lake la kisayansi, Hemidactylus mabouia, lilitolewa mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibiani. Ng'ambo wakamwandika vitabuni, huku nyumbani bado anakimbizwa kwa ufagio.

Anayestahili utetezi kuliko wote, hata hivyo, ni majimoto. Mgeni humjua siku anapovuta tawi la mwembe ili achume embe: sisimizi wekundu wa kahawia wanamwagika mkononi, wanang'ata, kisha wanatia tindikali kwenye jeraha. Ngozi inaungua kama iliyomwagiwa maji ya moto, na jina lao likaja hapo hapo. Maumivu yakishapoa, inafaa arudi chini ya mti ule ule aangalie juu. Kiota cha majimoto ni majani mabichi yaliyoshonwa yakiwa bado mtini. Sisimizi wanajipanga ukingoni mwa jani, wanauma jani la pili na kulivuta. Pengo likiwa pana, wanashikana viuno na kufanya mnyororo. Majani yakikutana, wengine wanakuja wamebeba watoto wao mdomoni, viluwiluwi weupe wasio na miguu, wakiwapitisha upande huu na upande ule. Uzi wa hariri unatoka kwa hao watoto. Mkubwa hana uzi. Mtoto ndiye anayeshona nyumba.

Faida yake inaonekana mnazini. Kuna mdudu anayefyonza nazi zikiwa bado changa, na vidaka vikaanguka hata kabla ya kuwa vitale, sembuse madafu. Miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alilichunguza tatizo hili Zanzibar, na mdudu mwenyewe anaitwa Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake. Alikuta kwamba minazi inayolindwa na majimoto huokoa nazi zake, kwa sababu sisimizi hao humwinda mdudu huyo na kumfukuza. Mkwezi atalalamika, na ana haki, kwa kuwa ni yeye anayeng'atwa. Mwenye shamba afikiri mara mbili kabla ya kuchoma kiota.

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu hatatetewa hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akavuka hadi bara na kuenea pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vya kuku hawaachi. Uani ukijaa kunguru, ndege mdogo kama chozi anapata taabu ya kulea makinda yake. Kumjua mwenyeji ni pamoja na kumtambua mvamizi.

Masika yanapokaribia, ndege aitwaye dudumizi hulia vichakani, sauti ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Wazee wa Pwani humhusisha na mvua. Mgeni aliyeanza kumsikia bila kuambiwa ameshaanza kuizoea Tanga, hata kama shati bado linamlowa.

Kwa hiyo jioni ya leo, mgeni wa Pwani, chukua kigoda ukae uani robo saa bila simu. Kila utakachokiona na usikijue jina, muulize mama mwenye nyumba au mkwezi wa mtaa. Kopo la dawa libaki kabatini mpaka uwe umepata majibu.