UFUNDI KWA VIJANA: Kwa nini chukudu inakupokonya gidoni?



Mwezi huu tunashuka mulima. Mutu yeyote aliyeteremka kutoka Mushaki kwenda Sake na chukudu yenye magunia ya makala anaijua ile saa gidoni inapoanza kutetemeka mikononi. Muzigo unakupita uzito mara mbili ao tatu, freni ni kipande cha mpira wa zamani chini ya muguu, na mbele kuna kona. Vijana wamevunjika miguu hivi, na wengine hawakuamuka.

Watu wanasema: ni juu ya mawe. Mawe yako kweli. Lakini chukua chukudu mbili, njia moja, muzigo mumoja. Moja inashuka imenyooka kama mufugo unaojua njia ya nyumbani. Ingine inatupa viazi kwenye mutaro. Tofauti mara nyingi iko katika sentimeta tatu ao ine tu, pale mbele, chini ya gidoni.

Angalieni kwanza kitanda cha hospitali chenye magurudumu madogo. Ukikisukuma, kila gurudumu linageuka lenyewe na kufuata nyuma ya muchuma wake, kama vile mutoto anayemufuata mama yake sokoni. Hakuna mutu aliyeliamuru. Gurudumu linagusa chini nyuma ya mahali muchuma unapoelekea, kwa hiyo njia yenyewe inalivuta linyooke. Chukudu nayo iko hivyo. Ule muti wa kusimama, unaozunguka ndani ya tundu la ubao mukubwa, umeegemea nyuma kidogo. Ukiuendeleza kwa mawazo mpaka chini, unafika udongoni mbele ya pale gurudumu linapogusa. Ile nafasi kati ya alama hizo mbili ndiyo inayoshika njia.

Munaweza kuipima bila chombo cha duka. Simamisha chukudu mahali palipo sawa, gurudumu likiangalia mbele. Funga jiwe dogo kwenye kamba, uliteremushe kutoka katikati ya gurudumu, utie alama chini. Kisha weka ufito ulionyooka kando ya ule muti wa kusimama, sambamba na katikati yake, mpaka uguse chini. Utie alama ya pili. Pima. Kama gurudumu lina upana wa sentimeta 30, na muti umeegemea digrii 15, na ekseli iko katikati ya muti sawasawa, utapata sentimeta 4. Ukiegemeza digrii 10 tu, unapata kama 2 na nusu. Digrii 20, tano na nusu.

Kwangu mimi, kwa gurudumu kama hilo, kati ya 4 na 5 inafaa. Chini ya hapo gidoni ni nyepesi, mutoto anaifurahia katika kiwanja, na mulimani inamushinda. Juu ya hapo inakuwa nzito kugeuza, na ukienda polepole na muzigo, gurudumu linataka kuanguka upande moja. Tena ule muti unakula tundu lake mbio.

Sasa kuna kosa moja la mafundi ambalo ni la kuogopa, juu halionekani. Fundi anafunga ekseli mbele ya muti, pengine kwa sababu tundu la kwanza lilipasuka, pengine kwa urembo tu. Akiisogeza mbele sentimeta 4 kwenye ile chukudu ya digrii 15, zile sentimeta 4 za kushika njia zimekwisha zote. Muti bado umeegemea vizuri, macho yanasema ni sawa, lakini gurudumu halijui tena mbele ni wapi. Viwanda vya kinga vinasogeza ekseli mbele kidogo, ni kweli, lakini gurudumu la kinga ni kubwa zaidi ya mara mbili, na hesabu yake ni ingine.

Na jiwe je? Hapa ndipo panapotisha. Gurudumu linapokuta jiwe, haligusi tena chini kabisa, linagusa kwa mbele. Choreni duara la sentimeta 30 kwenye kipande cha kartoni, muweke jiwe la urefu wa sentimeta moja tu mbele yake. Mutaona limegusa kama digrii 21 mbele ya katikati. Muti wetu uliegemea 15. Basi kwa ile nukta ya wakati mahali pa kugusa pamekwisha kupita mbele ya mustari wa muti, na jiwe likisukuma kwa upande, gurudumu linazidi kugeuka pahali pa kurudi. Ndiyo ile kunyanganywa gidoni! Dawa ya kweli ni gurudumu kubwa zaidi: kwa upana wa sentimeta 50, jiwe lile lile linagusa kwenye digrii 16 tu. Mafundi wanaokata magurudumu madogo ili wapate mawili katika ubao mumoja hawawasaidii wateja wao.

Kama tundu limelegea na muti unachezacheza, acheni hesabu zote hizi mpaka mulitengeneze.

Wadogo wa Walikale wanaotengeneza motokari za waya na za miti, zenye magurudumu ya kambambili, wao wana taabu ingine. Mara nyingi ekseli yote ya mbele inazunguka kwenye musumari mumoja wa katikati. Kama magurudumu yanaachana sentimeta 18, jiwe likigonga moja linasukuma kwa nguvu ya mukono wa sentimeta 9, na motokari inalala ubavu. Magari ya farasi ya Ulaya yalikuwa na taabu hiyohiyo, mpaka Georg Lankensperger wa München alipofanya, mwaka 1817, kila gurudumu ligeuke kwenye musumari wake. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliandikisha ufundi huo London, na jina la Ackermann ndilo lililobaki. Dunia ni hivyo.

Fanyeni vile: musumari mumoja karibu na kila gurudumu, na kila gurudumu na mukono mufupi unaoangalia nyuma, mikono miwili ikiunganishwa kwa waya mumoja. Lakini mikono isiende sambamba. Ielekee katikati ya ekseli ya nyuma. Kama kutoka mbele mpaka nyuma ni sentimeta 30, misumari ikiachana 18, mukono wa kwenda nyuma sentimeta 5 uingie ndani 1 na nusu. Basi waya wa kuunganisha utakuwa 15. Kwenye kona, gurudumu la ndani litageuka zaidi ya lile la inje, na hakuna litakaloburutwa. Hata zile motokari ndogo za telekomandi za kupanda mawe, ambazo watu wa Ulaya na Marekani wanashindana nazo, zina musumari karibu na kila gurudumu la mbele.

Na waya ule uupitishe juu ya ekseli, usiwe chini yake, juu ukipita chini jiwe la kwanza litaupinda.