Uvira: Daraja linaanza kuharibika kwenye karatasi, mbele ya mvua

Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake na kuingia ndani ya muji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka ao kujaa matope, madaraja yakaharibika, na mitambo ya maji ya Regideso nayo ikaguswa. Tangu hapo, kila mvua inapokaribia, wakaaji wanauliza: serikali itatujengea lini? Swali ni la haki. Lakini kuna lingine la kutangulia: plani iko wapi, na ndani yake wameandika nini?

Sababu ni feza. Daraja likiwa bado kwenye karatasi, kulisogeza mita kumi ni kazi ya kalamu na siku chache za majadiliano. Beto ikisha kumwagwa, kulisogeza ni kuvunja, kulipa mashini mara ya pili na kutafuta bajeti mupya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ya kazi inaamuliwa mbele ya mufuko wa kwanza wa simenti kufunguliwa.

Uamuzi wa kwanza ni juu ya maji ya mulima. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kwa nguvu, na haileti maji peke yake: inaleta mawe, muchanga na miti mizima. Daraja lenye mudomo mwembamba linageuka kizuizi. Mti mmoja unakwama, mawe yanarundikana, na maji yanatafuta njia kupitia kartie za watu. Enjenieri anayepima mto wakati wa kiangazi tu, bila kuuliza wazee maji yalifika wapi siku ile mbaya, anapima nusu ya mto. Kupanua daraja kunaongeza bei siku ya kwanza, ni kweli. Lakini barabara ya taifa namba 5, inayounga Uvira na Bukavu upande mumoja na Fizi upande mwingine, ikikatika, magari yanalala njiani na mama wa soko njo analipa.

Uamuzi wa pili ni juu ya ziwa. Mwaka 1964 Tanganyika ilipanda sana. Miaka hii ya nyuma imepanda tena na kumeza nyumba na avenyu za pembeni, Uvira kama vile Bujumbura ngambo ya pili. Ziwa hili lina mulango mumoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo likipanda halishuki haraka. Kaniveo iliyochimbwa kwa kufuata ziwa likiwa chini, itazibwa ziwa likipanda, na maji machafu yatarudi kwenye nyumba. Katika muji unaojua kipindupindu, hilo si jambo dogo.

Uamuzi wa tatu: nani anachimba wa kwanza? Barabara ya taifa iko mikononi mwa Office des Routes, avenyu na kaniveo za muji ni kazi ya OVD, tiyo za maji ni za Regideso, nguzo za umeme ni za SNEL. Hawa wane wasipokaa kwenye meza moja, goudron inawekwa leo, kesho inakatwa ili tiyo ipite, na kile kidonda hakiponi vizuri tena. Kuacha tiyo tupu chini ya barabara mapema, kwa ajili ya kazi za kesho, ni gharama ndogo sana kulinganisha na kupasua goudron.

Uamuzi wa ine ni juu ya watu. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inaomba mradi mukubwa ufanyiwe uchunguzi kwanza, kujua utagusa nini na nani. Wengine wanaona ni karatasi za kuchelewesha. Lakini malipo ya wenye nyumba yasipowekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, mugogoro unaanza siku katapila inafika. Na katapila iliyosimama inaweza kuhesabiwa kwenye bili kama ile inayofanya kazi.

Kuna pia kalendari. Kiangazi cha Uvira ni kifupi, kuanzia karibu Juni mpaka Septemba. Mukataba ukitiwa sahihi wakati mvua ya kwanza inanyesha, msingi utachimbwa ndani ya matope. Na kiisha kujenga, nani atatoa muchanga ndani ya kaniveo? FONER iliundwa mwaka 2008 kwa ajili ya matunzo ya barabara, feza yake ikitoka kwenye mafuta ya gari na kwenye peaje. Sehemu ya matunzo inafaa kuandikwa siku ya plani, si siku kaniveo imejaa.

Kuna wanaochoka na uchunguzi, na wana sababu. Watu wamezoea kuona wageni wanakuja na vipimo, wanapiga picha, wanaenda, hakuna kinachofuata. Uchunguzi usio na mwisho nao ni hasara. Tena daraja likienda na maji leo, mugonjwa hawezi kungojea plani ya mwaka mzima: njia ya muda iwekwe mara moja. Hatari ni pale ambapo ile ya muda inapakwa rangi, inafunguliwa kwa sherehe, na kubakia ya milele.

Kwa hiyo wakati mradi unaletwa kwenye mukutano wa mutaa, mukaaji hahitaji diploma ya ujenzi ili aulize. Maji yalipimwa mwezi gani? Yalifika wapi mwaka 2020, na plani inajua? Regideso na SNEL waliitwa? Nyumba ngapi zinaguswa, na malipo yako kwenye bajeti? Nani atasafisha? Kama majibu hayako, ni afazali yatafutwe sasa, wakati kosa bado linaweza kufutwa kwa kalamu.