Ulisafiri, Lakini Ulizungumza na Nani?



Likizo ndefu imekwisha. Waliokwenda kwa wajomba wamerudi, waliokwenda kwa mashangazi wamerudi, na insha zenye kichwa kile kile cha kila mwaka, “Jinsi Nilivyoitumia Likizo Yangu”, zimekwisha kusomwa na kusahihishwa. Sarufi yake inaridhisha. Mandhari yameelezwa vizuri: maporomoko ya Rusumo, samaki wa Bukoba, baridi ya Kabale, migomba ya Karagwe isiyo na mwisho. Harusi zimo, misiba imo, na mlo wa Umuganura ulioliwa na ukoo mzima Ijumaa ya kwanza ya Agosti umo pia. Kitu kimoja tu hakimo: mazungumzo.

Katika insha baada ya insha, msafiri alipokewa, akala, akalala, akapigwa picha, akarudi. Hakuna mahali anapouliza swali. Hakuna mahali anapojibiwa. Binamu zake wanatajwa kama vile mtu atajavyo vyombo vya nyumbani: walikuwapo.

Nasema bila kuzungukazunguka: mwanafunzi wa Kiswahili aliyevuka mpaka, akakaa wiki tatu kwa jamaa zake wazungumzao Kiswahili, na asizungumze nao Kiswahili, hakutembelea ndugu. Alitembelea nyumba. Na lawama hii isitupiwe shule peke yake, wala serikali, wala vitabu. Kwa wiki hizo tatu mwalimu hakuwapo, mtihani haukuwapo; mlikuwapo nyinyi na ndugu zenu.

Tuanze na jambo ambalo wengi mnalijua nyumbani lakini hamlihusishi na somo hili. Tangu mwaka 1959, makumi ya maelfu ya Wanyarwanda walikimbilia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwafungulia wakimbizi waliokuwa Tanzania mlango wa uraia. Baada ya mwaka 1994 wengi walirejea Rwanda. Wengine walibaki, wakaoa, wakaolewa, wakazaa na kuzika huko. Ndiyo maana mtoto wa Gahanga ana mjomba Karagwe au shangazi Ngara. Safari yako haikuwa utalii. Ulikwenda kwa watu wako.

Sasa tazama lugha ndani ya nyumba hiyo. Bibi mzee anazungumza Kinyarwanda, alivuka nacho. Mjomba anakielewa, lakini anakizungumza kwa kusitasita. Mke wa mjomba ni Mnyambo. Watoto wao wanasoma shule ya msingi ya serikali, ambako hesabu, sayansi na historia hufundishwa kwa Kiswahili. Wewe ulizisoma kwa Kiingereza. Basi nyinyi binamu, wajukuu wa bibi mmoja, mlikaa kwenye mkeka mmoja mkitazamana, na kila neno lilipaswa kupitia kwa ajuza aliyechoka. Siku bibi huyo atakapofariki, nani atawatafsiria? Ukoo uliovuka mto mara mbili, wa kwenda na wa kurudi, utakatika kwa sababu wajukuu walikosa neno la kuambiana. Damu ni nzito kuliko maji, ndiyo. Lakini damu haizungumzi.

Hapa huletwa hoja tatu, na zote nimezisikia katika kila muhula.

Hoja ya kwanza husema kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya madereva na ya wahuni. Wapo wazazi wanaoirudia mbele ya watoto wao. Ningependa kuwauliza: unga ulio jikoni mwako uliletwa na nani, na aliagana bei kwa lugha gani? Soko linalokulisha haliwezi kuwa aibu yako. Isitoshe, Kiswahili si mgeni wa jana hapa Kigali. Jiji hili lilianzishwa mwaka 1907, na wafanyabiashara na askari waliozungumza Kiswahili walikuwapo tangu siku zake za mwanzo. Nenda Biryogo usikie wajukuu wao. Katiba yetu ilizitaja lugha rasmi tatu, Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na kuruhusu lugha rasmi iongezwe kwa sheria. Mwaka 2017 sheria hiyo ilipitishwa, Kiswahili kikawa cha nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Anayeiita lugha hiyo ya wahuni na awe tayari kuwaita wahuni wabunge wake pia.

Lakini msifurahie sana orodha hiyo. Sheria huipa lugha kiti, haiipi wazungumzaji. Tarehe 7 Julai huwakuta wengi wenu mkiwa likizoni. Ni wangapi mlioiadhimisha kwa kufanya jambo lililo rahisi kuliko yote, yaani kuzungumza?

Hoja ya pili husema kwamba Kiingereza kinatosha. Kinatosha kwa nani? Hotelini, huenda. Ofisini, mara nyingine. Lakini jaribu kumfariji kwa Kiingereza mama wa Kahama aliyefiwa, au kumsimulia mtoto wa Ngara hadithi ya sungura na fisi. Tena Kiingereza hakiujui ukoo wetu. Sisi hapa tunamtofautisha *marume* na *data wacu*; Kiswahili nacho kinamtofautisha mjomba na baba mdogo au baba mkubwa. *Masenge* wetu ni shangazi. *Mama wacu* ni mama mdogo au mama mkubwa. Kiingereza huwatia wajomba na baba wadogo katika kapu moja, na mashangazi na mama wadogo katika kapu jingine. Sisemi Kiingereza kiachwe. Kina kazi yake, na kifanye kazi hiyo. Ila kwa ukoo uliotawanyika kati ya Kicukiro na Karagwe, lugha inayompa kila jamaa cheo chake ndiyo lugha ya nyumbani.

Hoja ya tatu ndiyo ya kweli, na ndiyo inayofichwa: “Ninaogopa kuchekwa.” Hiyo naiheshimu zaidi, lakini siikubali. Sisi wazungumzaji wa Kinyarwanda huchanganya *l* na *r*. Ukiwa mezani ukasema “nataka kura”, watacheka, kwa maana umeomba karatasi ya uchaguzi mahali pa wali. Lakini sahani italetwa, na kuanzia siku hiyo hutasahau kwamba kula ni mdomoni na kura ni sandukuni. Aliyenyamaza hakuchekwa, na hakujifunza. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Tena unaogopa lugha ambayo nusu yake unayo kinywani. *Umuntu* na *abantu* ni mtu na watu. *Ikintu* na *ibintu* ni kitu na vitu. *Inyama* ni nyama, *amazi* ni maji, *umwana* ni mwana. Ngeli ambazo mgeni kutoka Ulaya huzilia machozi, wewe ulinyonya na maziwa. Mchagua jembe si mkulima. Na jembe hili halihitaji hata mpini mpya.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la uraia. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikatambua haki ya raia wa nchi wanachama kuvuka mipaka, kufanya kazi na kufanya biashara. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Kenya na Uganda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Pale Rusumo, maafisa wa nchi mbili huwahudumia wasafiri chini ya paa moja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa mpakani cheti cha asili ya bidhaa kwa utaratibu uliorahisishwa, asitozwe ushuru wa forodha.

Je, nani hunufaika na haki hizo? Ni yule awezaye kuuliza: “Samahani, ndugu afisa, cheti hiki hutolewa dirisha gani?” Asiyeweza kuuliza humpata dalali wa kumuulizia, na dalali hafanyi kazi bure. Haki usiyoweza kuitaja kwa mdomo wako huuzwa na mwingine kwa bei anayoipenda yeye. Ulimwona mama yako akilipa fedha ambazo pengine hakupaswa kulipa, nawe, mwenye miaka minne ya Kiswahili darasani, ukasimama kando ukitazama simu. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya likizo yako, ingawa halikuandikwa katika insha yoyote.

Basi tufanyeje? Sitaki majuto, majuto ni mjukuu, na nyinyi bado ni wajukuu. Nataka mambo matatu kabla ya likizo ijayo. Kwanza, Jumamosi hii mpigie simu binamu yako, mzungumze dakika kumi kwa Kiswahili. Mamkie wazazi wake kwa “shikamoo” na usubiri “marahaba”. Usiwarushie wazee “mambo” kana kwamba mnacheza mpira pamoja. Pili, andaa maswali matano ya kumuuliza mjomba: babu alivukia wapi, alifikia kwa nani, alilima nini, nani alizikwa huko, nani alirudi. Yaandike majibu kwa Kiswahili, na uyasome nyumbani. Tatu, kila mkikutana wawili njiani mkitoka shuleni, zungumzeni Kiswahili mpaka mfike nyumbani. Mkikosea, endeleeni.

Chini ya vilima vyetu hapa Gahanga unapita Nyabarongo. Umekwisha kukutana na Akanyaru, huko mbele unaitwa Akagera, unashuka Rusumo, unapita kando ya Karagwe ya wajomba zenu, hatimaye unaingia Ziwa Victoria. Kila nchi huuita kwa namna yake, na maji ni yale yale. Mto huo haungoji mkalimani afike ndipo uvuke. Nanyi msingoje.