Februari 5: Siku iliyobeba vyama viwili na Azimio moja

Na Mwandishi Wetu, Singida

WAKAZI wa Utemini, mjini Singida, wanaijua vyema Februari 5. Mwaka 2016 mji wao ulikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya kitaifa ya miaka 39 ya Chama Cha Mapinduzi (CCM). Kilele chake kilifanyika siku moja baadaye, Jumamosi, Februari 6, katika Uwanja wa Namfua, na Rais John Magufuli na Mwenyekiti wa CCM wa wakati huo, Jakaya Kikwete, walihudhuria.

Kwa vijana wengi waliozaliwa baada ya mwaka 1977, tarehe hiyo ina maana moja tu, nayo ni siku ya kuzaliwa kwa CCM. Hata hivyo, kalenda ya siasa ya Tanzania inaonyesha kwamba Februari 5 ina matukio makubwa matatu yaliyopishana kwa miaka kumi kumi: mwaka 1957, mwaka 1967 na mwaka 1977.

Tukio la kwanza lilitokea Zanzibar. Februari 5, 1957, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi Party (ASP) chini ya Abeid Amani Karume. Viongozi wa TANU wa Tanganyika, akiwemo Julius Nyerere, walikuwa wamehimiza muungano huo. Chama hicho ndicho kilichoshika madaraka visiwani baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Tukio la pili ni Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kupitisha siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Azimio lilitangazwa kwa wananchi Jumapili, Februari 5, siku ambayo ASP ilikuwa inatimiza miaka kumi. Kesho yake, Jumatatu, Serikali ilitangaza kutaifisha mabenki. Mwananchi aliyelala Jumapili akiwa na akiba katika benki ya watu binafsi, siku iliyofuata alisikia kwamba benki hiyo ni mali ya umma.

Tukio la tatu ndilo linalosherehekewa zaidi. Januari 21, 1977, mkutano mkuu wa pamoja wa TANU na ASP uliamua kuvivunja vyama hivyo viwili. Februari 5 ya mwaka huo, CCM ilizaliwa katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, Nyerere akiwa Mwenyekiti na Aboud Jumbe Makamu wake. Safari hii tarehe ilichaguliwa makusudi, kwa kuwa ASP ilikuwa inatimiza miaka 20 na Azimio la Arusha miaka kumi.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya sadfa na dhamira. Zipo siku ambazo matukio hukutana bila mtu kuyapanga. Zipo pia ambazo wenye madaraka huzichagua ili jambo jipya lirithi heshima ya jambo la zamani. Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961, na tarehe hiyo hiyo mwaka uliofuata ikawa Jamhuri. Kenya ilifanya vivyo hivyo Desemba 12, mwaka 1963 na 1964. Mbali na Afrika, nchi ya Meksiko ilitangaza Katiba yake ya mwaka 1917 siku ya Februari 5, tarehe ile ile iliyotangaza Katiba ya mwaka 1857.

Mwaka 1977 Tanzania ilitumia njia hiyo mara mbili. Tume ya watu 20 iliyoandaa katiba ya CCM ndiyo iliyopewa pia kazi ya kutoa mapendekezo ya Katiba ya nchi. Bunge Maalumu liliipitisha Katiba hiyo Aprili 25, 1977, nayo ikaanza kutumika kesho yake, Aprili 26, siku ya Muungano wa mwaka 1964. Chama kikapewa siku ya ASP na Azimio, na Katiba ikapewa siku ya Muungano. Katika mfumo wa chama kimoja, mpaka kati ya kalenda ya chama na ya taifa ulikuwa mwembamba sana, na Februari 5 yenyewe ilikuwa sikukuu ya mapumziko nchi nzima.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Julai 1, 1992, mpaka huo ulilazimika kuonekana. Mkoa wa Singida ni mfano mzuri. Wakati jimbo la Singida Mjini likiwa mikononi mwa CCM, wapiga kura wa Singida Mashariki walimchagua Tundu Lissu wa Chadema mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Kwa mwananchi asiye mwanachama wa CCM, Februari 5 imebaki kuwa sikukuu ya jirani. Anaona bendera na kusikia ngoma, lakini hajaalikwa.

Je, tarehe hiyo haina kitu kwa ajili yake? Jibu limo katika tukio la katikati, ambalo sasa linatajwa kwa nadra kuliko yote.

Azimio la Arusha halikuishia kwenye mabenki na mashamba. Liliweka pia miiko ya viongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba za kupangisha. Ubaya na uzuri wa uchumi wa Ujamaa unaweza kubishaniwa, na uhaba wa bidhaa wa miaka ya 1980 ni hoja nzito kwa wanaoupinga. Lakini swali la miiko ni jingine kabisa: Mtu aliyepewa dhamana na umma aruhusiwe kujitajirisha kwa kiasi gani akiwa bado madarakani?

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti hayo kwa uamuzi uliokuja kujulikana kama Azimio la Zanzibar. Wanachama na viongozi wakafunguliwa milango ya hisa, ukurugenzi na nyumba za kupangisha. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Kutoka kumkataza kiongozi hadi kumtaka aorodheshe mali ni mwendo mrefu, na nchi iliutembea bila kuigusa tarehe ya sherehe.

Hiyo ndiyo hasara ya kupanga matukio juu ya siku moja. Lililo jipya hukaa juu na kuyafunika ya chini. CCM ilichukua Februari 5 ili iheshimu Azimio, na matokeo yake ni kwamba siku ya Azimio imegeuka kuwa siku ya CCM.

Jina la Utemini lenyewe linakumbusha utemi, utawala wa jadi uliofutwa kisheria mwaka 1963, mwaka ambao Singida ilifanywa kuwa mkoa. Utemi ulikwenda, jina likabaki, na wapita njia hulitamka kila siku bila kuwaza lilikotoka. Azimio la Arusha nalo linaweza kufikia hapo, likabaki jina la barabara na mnara kule Arusha.

Februari 5, 2027 ni siku ya kutimia miaka 70 tangu kuundwa kwa ASP, miaka 60 ya Azimio na miaka 50 ya CCM. Chama kina haki ya kusherehekea jubilei yake. Wananchi wengine, wa chama chochote au wasio na chama, nao wana haki ya kuikumbuka siku hiyo kwa namna yao: kwa kuisoma upya ile orodha ya miiko na kuwauliza viongozi wao, mmoja mmoja, ni ipi bado wanaishika.