Mbuzi Asiyekamuliwa Naye Ale

Katika maboma mengi ya Kangema, Murang'a, chakula cha dukani hutolewa wakati wa kukamua. Hakuna maziwa, hakuna chakula. Mbuzi akishakaushwa miezi miwili kabla ya kuzaa, anarudishwa kwenye nepia tupu, tena mara nyingi ile iliyosazwa na ng'ombe. Hesabu hiyo imepinduliwa.

Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi. Miezi mitatu ya kwanza mzigo ni mdogo. Zaidi ya thuluthi mbili ya uzito wa mtoto hujengwa katika wiki nane za mwisho, na wakati huohuo tumbo la uzazi linalibana tumbo la chakula. Mama anahitaji zaidi lakini nafasi ya kula imepungua, kwa hiyo rundo la nepia ngumu halimsaidii. Mwenye pacha ndiye anayeumia zaidi, na mbuzi wa Alpine wa Kijerumani, walioenezwa huku na mradi wa mbuzi wa Nyeri miaka ya 1990, huzaa pacha mara kwa mara. Anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake. Anakataa chakula, anajitenga, pumzi yake inanuka utamu wa ajabu, kisha analala na haamki. Jirani atasema amekula sumu. Ni njaa tu.

Tangu wiki sita kabla ya kuzaa, apewe robo kilo ya chakula cha dukani kwa siku, ipandishwe polepole hadi nusu kilo. Asinoneshwe tangu mwanzo wa mimba, maana mnene kupita kiasi naye hupatwa na maradhi hayohayo. Maji safi na jiwe la chumvi visikosekane.

Bei ya gunia tunaijua. Ndiyo maana tunausifu mti wa malisho uitwao kaliandra: majaribio ya Embu kwa ng'ombe wa maziwa yalionyesha kuwa kilo tatu za majani mabichi hukaribia kilo moja ya chakula cha dukani. Isitoshe, miteremko yetu inahitaji ua wa kushika udongo kwenye matuta, na kaliandra hufaa kazi hiyo. Majani ya viazi vitamu nayo yanafaa.

Kalenda pia ina neno lake. Mbuzi aliyepandwa mwishoni mwa Septemba huzaa mwishoni mwa Februari. Miezi yake migumu inaangukia kiangazi, nepia ikiwa imekomaa na kukauka. Aliyepandwa Desemba huimalizia mimba mvua za masika zikinyesha na majani tele, ingawa watoto watahitaji banda lisilopenywa na baridi.

Vikundi vinavyofuga beberu wa pamoja vinaweza kuanza kesho. Kila anayeleta mbuzi kupandishwa aondoke na tarehe ya kuzaa imeandikwa, na tarehe ya kuanza kuongeza chakula kando yake. Kaunti ya Murang'a nayo iwape maafisa wake wa ugani miche ya kaliandra ya kugawa kabla mvua hazijaanza.