Kabla ya kulipia krimu mtandaoni

Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, lakini ununuzi wa mtandaoni haukufa. Uliendelea Instagram na WhatsApp. Unachagua kwa picha, unalipa kwa simu, bodaboda anakuletea mlangoni. Gauni lisipokutosha, hasara ni fedha. Krimu ya kung'arisha ngozi inaweza kukugharimu figo. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, sumu inayopenya kwenye ngozi. Mama mjamzito akiipaka, inaweza kumfikia hata mtoto aliye tumboni. Kabla ya kulipa, omba picha ya lebo nzima: viambato, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiona neno mercury au calomel, achana nayo. Muuzaji akikwepa kuituma, usinunue.