Seti ya Garimoshi la Mvuke: Kazi ya Mikono au Utii Mtupu?

Wakufunzi wa somo la kazi za mikono wamekuwa na ubishi wa siku nyingi juu ya swali moja ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Je, mtoto anayeunganisha kielelezo kwa vipande vilivyokwisha kukatwa na mtu mwingine hujifunza jambo lolote, au hutii maagizo tu? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia mfano wa seti za vichwa vya garimoshi vya mvuke, kisha tuonyeshe ni nini mwalimu wa shule ya msingi aweza kukichukua humo na ni nini akiache.

Huko Uingereza, ambako reli za mvuke zilianzia, kuunda na kupaka rangi vielelezo vya vichwa vya garimoshi ni kazi inayopendwa na watoto na wazee pia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilianza kuuzwa seti za plastiki kwa jina la Kitmaster. Mwaka 1962 kalibu zake zilichukuliwa na Airfix, na baadaye zikaingia mikononi mwa Dapol. Mojawapo ya seti zilizopata kuuzwa kwa njia hiyo ni ile ya Evening Star, kichwa cha mwisho cha mvuke kuundwa kwa ajili ya reli za taifa za Uingereza, kilichotoka katika karakana ya Swindon mwaka 1960. Afunguaye sanduku hukuta vipande vingi vilivyoshikamana na vijiti vya plastiki, pamoja na karatasi ya michoro yenye namba. Gundi, brashi na rangi hujitafutia mwenyewe.

Wapinzani wa seti wana hoja yenye uzito. Wanasema kwamba ubunifu wote umekwisha kufanywa kiwandani, na kwamba mtoto abakiye na kazi ya kufuata namba 1 hadi namba ya mwisho hana tofauti na yule anayenakili ubaoni asichokielewa. Tunakubali kwamba hatari hiyo ipo. Lakini tunaona kwamba wanaoyasema haya wameitazama karatasi ya michoro, hawakuitazama kazi yenyewe.

Tuchukue suala la gundi. Gundi ya plastiki ya aina hii haifanyi kazi kama uji wa unga wa kubandikia karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, zikashikana na kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo, mtu akipaka rangi kwanza kisha akatia gundi juu ya rangi, kiungo hakitashika vizuri, kwa kuwa kinachoshikana ni rangi wala si plastiki. Imempasa akwangue rangi mahali pa kiungo. Lakini akiunganisha kila kitu kwanza, brashi haitafika nyuma ya magurudumu wala chini ya boila. Basi lazima aamue mapema: kipi kipakwe kingali kwenye kijiti, kipi kisubiri. Tena akizidisha tone moja la gundi katika vyuma vinavyofungamanisha magurudumu, magurudumu hayatazunguka kamwe. Uamuzi wa namna hii, wa kutazama hatua ya kumi ungali katika hatua ya pili, ndio unaowapungukia wanafunzi wetu wengi, iwe katika hesabu, iwe katika utungaji.

Rangi nayo ina mafunzo yake. Vipande huoshwa kwanza kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta yaliyobakia kutoka katika kalibu. Rangi hupakwa nyembamba, mara mbili au tatu, kila mkono ukingoja uliotangulia ukauke. Rangi nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Mafundi wazoefu huchanganya hata rangi nyeusi na kijivu kidogo, kwa sababu weusi mtupu juu ya kitu kidogo huonekana mzito kuliko ulivyo juu ya kitu kikubwa kitazamwacho kwa mbali. Hapo mtoto hujifunza kuaminiana na macho yake kuliko jina lililoandikwa juu ya kopo la rangi.

Lakini faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, imo katika skeli. Vielelezo vya Kiingereza vya kipimo kiitwacho OO huundwa kwa skeli ya 1:76. Reli halisi za Uingereza zimetengana kwa milimeta 1,435. Mwanafunzi akigawanya kwa 76 atapata karibu milimeta 19. Akipima njia ya reli ya OO kwa rula, atakuta milimeta 16.5 tu! Kosa hilo si lake. Vichwa vya garimoshi vya Uingereza ni vyembamba kuliko vile vya Bara la Ulaya na Marekani, na mota za umeme za zamani hazikuweza kuenea ndani yake kwa skeli ndogo ya 1:87. Waundaji wakakuza bodi, wakaiacha njia kama ilivyokuwa. Hivyo kielelezo kinachopendwa kuliko vyote nchini humo kinasimama juu ya njia iliyo nyembamba kuliko haki yake. Mtoto akiligundua jambo hili kwa kugawanya mwenyewe, amejua kwamba kila kielelezo, pamoja na ramani na tufe la darasani, kina mahali ambapo kimeuacha ukweli kwa sababu fulani.

Sasa twende katika shule zetu. Hatumshauri mwalimu yeyote anunue seti za kutoka ng'ambo. Ni ghali, na sanduku moja halitoshi darasa la watoto hamsini. Linalotakiwa kuchukuliwa ni utaratibu wa seti, na maudhui yapo hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt, Daraja la 59, kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na vilipewa majina ya milima yetu. Kimoja chao, kiitwacho Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Garratt yafaa sana kwa kufundishia kwa sababu umbo lake linaeleza kazi yake. Boila hukaa katikati, imebebwa na injini mbili, mbele na nyuma, nazo hugeuka chini yake kama bawaba. Mwalimu achore kona kali ya reli sakafuni, kisha wanafunzi waunde kielelezo cha kadibodi, kwanza kikiwa kipande kimoja kirefu, halafu kikiwa vipande vitatu vilivyounganishwa kwa misumari miwili midogo. Cha kwanza kitatoka nje ya kona, na cha pili kitaifuata. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayoshinda onyesho hilo.

Kwa skeli ya 1:50, njia ya mita moja huwa milimeta 20. Watoto watataka kutumia vizibo vya soda kuwa magurudumu makubwa. Waache wapime: kizibo kina kipenyo cha milimeta 32 hivi, na mara 50 ni mita 1.6. Gurudumu halisi la kuendeshea lilikuwa na kipenyo cha mita 1.37 hivi. Vizibo ni vikubwa mno. Je, wakate magurudumu ya kadibodi, au wavitumie vizibo na kuandika chini ya kielelezo kwamba magurudumu yamezidi? Majibu yote mawili yakubaliwe, mradi kundi litoe sababu. Mwisho wapake rangi ya damu ya mzee, ambayo ndiyo iliyokuwa rangi ya vichwa hivyo.

Limebaki jambo moja ambalo latuhusu sisi wakufunzi kama linavyowahusu ninyi. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, vielelezo vingi vizuri huonekana vikining'inia madarasani siku ya ukaguzi. Vimenyooka, rangi haikuvuka mstari hata kidogo, na vimeundwa usiku na mwalimu mwenyewe. Watoto hawaruhusiwi kuvigusa, na ukaguzi ukiisha hufungiwa kabatini. Lawama ya desturi hii haiwaangukii wanachuo peke yao. Iwapo mkufunzi hutoa alama kwa uzuri wa zana bila kuuliza ni nani aliyeishika brashi, mwanachuo atampa anachokitafuta.

Pendekezo letu ni kwamba chombo kikaguliwe kwa kinywa cha mtoto. Mkufunzi amwite mwanafunzi mmoja, amwonyeshe gurudumu lililopinda, amwulize: kwa nini limepinda, na kama ungeanza upya ungetangulia kufanya nini? Mtoto akijibu, kielelezo hicho kipewe alama za juu hata kama dohani yake imelala upande. Asipojibu, basi uzuri wote ule ni wa mwalimu, na mwalimu hakuja shuleni kujifundisha mwenyewe. Kwa hiyo, mnapoandika andalio la somo la kazi za mikono, pangeni vipindi vitatu au vinne kwa kielelezo kimoja badala ya kimoja, na kipindi cha kwanza kisiwe na mkasi wala gundi. Kiwe cha kuupanga mfuatano wa kazi, nao uandikwe na watoto wenyewe.